Wimbo wa Pentekoste Wenye Siri Mgongoni

Nijicheke kwanza mwenyewe kabla hamjanicheka, maana aibu hii nimekaa nayo miaka mingi na hata wanangu hawaijui: mimi Skola, mpiga chapa niliyekula kiapo cha kutunza siri za serikali, niliwahi kuzionyesha kanisani, hapahapa Sumbawanga, mchana kweupe, huku nikiimba sauti ya kwanza.

Ilikuwa miaka ya ruksa, vyama vingi ndiyo kwanza vinaingia, kila mtu anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Ofisi yetu ilikuwa ya watu wa usalama, haina hata kibao mlangoni (ingawa mgeni akiuliza sokoni, wauza maharage wote walimwelekeza kwa kidole). Mkubwa wetu alikuwa Mzee Deo, mtu mpole, tena tuliimba naye kwaya, yeye besi. Msaidizi wake alikuwa kijana mwenye haraka ya cheo. Basi Ijumaa moja Mzee yuko safarini Kirando, msaidizi akaniletea taarifa niipige kwenye stensili na kutoa nakala sita za kupeleka makao makuu: eti mkubwa wetu amelegea, anakunywa chai na wapinzani, afaa aondolewe. Huyo "mpinzani" wa chai nilimjua, alikuwa shemeji yake Mzee mwenye duka la baiskeli, lakini kiapo ni kiapo, nikaipiga neno kwa neno.

Sasa mashine yetu ya kudurufu ilikuwa na tabia yake, nakala kumi za kwanza zinatoka hafifu. "Hizo kachome," akasema msaidizi, "usaini kitabuni." Pipa la kuchomea lilikuwa nyuma ya ofisi, na upepo wa huku kwetu mnaujua, unaingia mpaka kwenye mifupa. Nikasaini kwamba nimechoma, nikazichomeka chini kwenye boksi la karatasi chakavu, nikasema nitachoma Jumatatu. Hapo ndipo nilipojiharibia.

Kesho yake kwaya wanataka maneno ya wimbo mpya wa Pentekoste, karatasi dukani bei haishikiki, nikachomoa boksini makaratasi yenye upande mmoja mweupe. Ya juu yalikuwa waraka wa mbolea, nikaona haya hayana neno. Ya chini sikuangalia (uvivu ule ule), nikapiga wimbo kwenye upande mweupe.

Jumapili tukasimama mbele, Mzee naye karudi safari yuko nyuma yangu na besi yake, tumewaelekea waumini, karatasi tumeziinua. Ubeti wa kwanza tu namwona Mama Oresta, mama mmoja wa benchi la mbele, kavaa miwani, kainama, midomo inacheza. Nikafurahi kwamba anafuata wimbo, kumbe wimbo uko upande wetu! Nikageuza karatasi yangu: mbolea. Nikachungulia ya jirani: SIRI, kwa herufi kubwa nilizozipiga mwenyewe. Na pembeni ya Mama Oresta kakaa nani? Msaidizi, anasoma maneno yake mwenyewe vifuani mwa wanakwaya, jasho linamtoka na baridi yote ile.

Mara nyuma yangu besi ikakatika. Sikuthubutu kugeuka, nilisikia tu karatasi inageuzwa. Sauti yangu ikapanda hadi ikaupita wimbo wenyewe, mpiga kinanda akanitolea macho, nami nawaza wanangu watatu, baba yao kafariki, nikienda jela watakula wapi. Kisha besi ikarudi, taratibu, palepale ubeti ulipofika.

Misa ilipokwisha Mzee Deo akasimama mlangoni. "Wanakwaya, nirudishieni karatasi zote. Wimbo huu una makosa ya uchapaji." Wakarudisha zote, hakuna aliyeuliza. Mama Oresta akapita, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," akasema, miwani bado iko usoni. "Mimi macho yangu haya, siku hizi hayaoni kitu."

Jumatatu Mzee alituita wawili, mimi na msaidizi, karatasi ziko mezani, na kitabu chenye saini yangu kiko wazi.

"Skola, hizi ulizichoma Ijumaa?"

"Hapana, mzee."

"Kwa nini?"

"Baridi, mzee."

Akakivuta kile kitabu karibu yake, nikajua nimekwisha. Kisha akamgeukia msaidizi. "Na wewe, bwana mdogo, ukiwa na neno juu yangu, njoo uniambie, chai ninayo. Ukitaka kupeleka juu, peleka, ila uandike pia kwamba yule ni shemeji yangu."

Akachukua kiberiti, tukaenda kwenye pipa watatu, tukasimama kwenye ule upepo mpaka zikawa majivu. Hakulitaja tena jambo hilo, si kwangu wala kwa mtu mwingine. Angeandika mstari mmoja tu wa kunishtaki, ningefukuzwa kazi na wanangu wasingesoma. Nakala zile sita sijui ziliishia wapi, Mzee hakuondolewa.

Tangu siku ile sijawahi kusaini kitu ambacho sijakifanya, hata iwe baridi ya kugandisha maji.

Alipostaafu, kwaya ilimuaga kwa wimbo uleule, naye mwenyewe kasimama nasi kwenye besi. Nilinunua karatasi mpya kwa fedha yangu, nikagawa mwenyewe. Mzee akanitazama, akatabasamu, akaigeuza yake kabla hatujaanza, na nyuma, kwenye ya kwake peke yake, nilikuwa nimepiga chapa: "Asante, mzee. Hii usiichome."

Tukaanza kuimba, na ubeti wote wa kwanza haukuwa na besi.