Mkeka wa Bibi Kwenye Simu

Mama alikuwa ameshawaalika wenzake wa kikundi cha kusuka mikeka waje kwetu Bagamoyo baada ya swala ya alasiri, waione tovuti niliyowatengenezea. Mimi, kwa kiherehere changu, adhuhuri ileile nikaamua kusasisha programu ndogo inayopanga rangi na mistari ya kurasa. Nani alinituma?

Toleo jipya lilidai programu mpya ya kulichakata, nayo hiyo ikazikataa programu nyingine mbili za zamani. Nikakusudia kunakili orodha ya matoleo yaliyokuwa yakielewana, kisha nifute kila kitu nianze upya. Hapo mama akaita: wageni wamewahi. Kwetu hukai chumbani wageni wakiwa barazani. Nikatoka, nikaanza na mkubwa wao, bibi mmoja kutoka Mkange. Shikamoo, marahaba, habari za huko, za shamba, za wagonjwa, mmoja mmoja hadi wa mwisho, miguu ikinicheza. Niliporudi ningeweza kuapa kwamba nimeshanakili. Nikafuta. Sikuwa nimenakili.

Nilihangaika mpaka jasho likanitiririka. Nashusha toleo hili, lile linagoma. Nalazimisha, yote yanagoma.

"Baba, bado tu?" mama aliuliza mlangoni mara ya tatu, kwa sauti ya mtu anayekaribia kuaibika mbele ya wenzake.

Nikatoka na simu hivyohivyo. Ukurasa haukuwa na rangi wala mpangilio, picha za mikeka zimemwagika, kila moja imejaza kioo chote cha simu hadi kupitiliza. Niliona aibu, nikamnyooshea simu yule bibi wa Mkange. Bibi akaipokea, akaisogeza karibu na uso, akaanza kuisukuma picha kwa kidole, taratibu, akiufuata msuko ukili baada ya ukili.

"Hapa nilikosea," akasema, akacheka. "Tangu macho yaharibike nasuka kwa kupapasa tu. Leo nimeuona mkeka wangu."

Sikumsikiliza. Nilikuwa nawaza makosa yangu.

Kesho yake nilisoma maelezo ya kila programu, nikarudisha toleo la zamani linaloelewana na mengine. Picha zikajipanga nne nne, ndogo, safi. Nilijisifu wiki nzima.

Bibi alipokuja tena nilimkabidhi simu kabla hajaiomba. Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, akanirudishia.

"Mjukuu wangu, mkeka wangu umeupeleka wapi?"