Nyatiti Yangu Kanisani Siku ya Krismasi

Afadhali niwasimulie mwenyewe, kwa sababu mkifika kwetu Sindo mtasimuliwa na watu ambao hata kanisani hawakuwa, na wao huongeza chumvi. Krismasi ya mwaka juzi nilijiaibisha mbele ya mama mkwe, na wala hakuwa mama mkwe bado.

Nilikuwa namchumbia Akoth. Baba yake alishafariki, kwa hiyo neno lilikuwa la mama yake, mjane wa kule Karungu asiyekosa ibada, naye alishasema waziwazi kwamba binti yake haolewi na mpiga nyatiti, kile kinubi chetu, maana wapiga nyatiti aliowajua walikuwa watu wa matanga na pombe (hakukosea sana, mjomba aliyenifundisha alikuwa hivyo hivyo). Nikaona dawa ni kumwalika kanisani kwetu siku ya Krismasi, nipige nyimbo za kuzaliwa kwa Yesu, asikie kwa masikio yake kwamba hata nyatiti inaweza kuokoka.

Wiki tatu nilizipanga nyimbo hizo. Nyatiti ina nyuzi nane tu, na waliotunga nyimbo za Krismasi hawakujali hilo, kwa hiyo noti iliyokosa uzi niliiruka, na wimbo uliokosa noti nyingi niliuacha. Shida ikabaki kwamba zilikuwa fupi, ubeti unaisha kabla hata njuga za mguuni hazijachangamka, ndipo nikaamua, jambo dogo tu, kati ya ubeti na ubeti niweke kile kipande cha kuzunguka-zunguka nilichozoea kupiga matangani. Sikujiuliza kipande kile huwa ni cha nini. Kwetu kikilia, mtu huinuka, husimamisha muziki, hujisifu mbele ya watu, na mpigaji ni lazima amrudishie maneno yake kwa wimbo. Huo ndio pakruok, na hakuna aliyekulia huku asiyeujua.

Ubeti wa kwanza ulienda vizuri. Mama Akoth alikuwa mstari wa tatu, na niliona anatikisa kichwa kidogo kwa kuufuata wimbo. Nikaingia kwenye kile kipande. Mzee Odongo, mzee wa kanisa mpole ambaye hata kwa mikutano huwa hasemi, akainuka na mkono juu.

“Simama hapo hapo, jathum,” akaniambia (jathum ni mpiga muziki, yaani mimi). “Mimi Odongo, ng'ombe zangu zikikunywa maji, ziwa inarudi nyuma.”

Ningeendelea tu na ubeti wa pili, sasa najua. Lakini vidole vyangu vililelewa matangani na mdomo hufuata vidole, kwa hiyo nikaimba ng'ombe wa Odongo, na kwa vile wimbo tayari ulikuwa na hori, walitoshea vizuri sana. Kanisa likapiga makofi. Akainuka mwalimu wa Sunday school, akafuatwa na mpiga ngoma wa kwaya, kisha watu wa viti vya nyuma wakaanza kupanga foleni, na mchungaji, ambaye nilitegemea atatuokoa, akasimama akajiita simba wa Kasipul (tena mara mbili, maana mara ya kwanza sikumwimba vizuri).

Ndipo Mama Akoth akainua mkono. Mimi nilifurahi, nilidhani amependa.

“Simama hapo,” akasema polepole. “Mimi nyar Karungu, binti wa Karungu, mama yake Akoth. Nilikuambia hapana nikiwa kwangu, na leo nakuambia hapana mbele ya kanisa.”

Na desturi ni desturi. Nikayarudisha maneno yake yote kwa wimbo, mara tatu, kwaya ikadakia sauti ya pili, na niseme ukweli, katika vyote vilivyopigwa siku ile hicho ndicho kilichopendeza zaidi.

Akoth aliolewa Oyugis kabla ya Pasaka, na mwalimu wa hesabu. Inaniuma hadi leo, sifichi. Matangani bado napiga, lakini nimeapa, Krismasi nyatiti inabaki nyumbani, na mimi kanisani naimba kama watu wengine, kwa kitabu.