Milioni Moja na Tatu ya Mwalimu Grégoire

Mwalimu Grégoire wa Kasha hakuwahi kumpiga mwanafunzi hata kofi, na alijisifia jambo hilo kwa yeyote aliyekuwa tayari kumsikiliza. Yeye alikuwa na namba: 1 000 003. Mwanafunzi aliyemuudhi alitolewa nje akaitafutie kigawanyo, yaani namba inayoigawa bila kubakiza kitu, mbali na moja na yenyewe. Asiyekipata haingii. Ndivyo alivyofanyiwa yeye na mwalimu wake kule Nyantende, mpaka akapiga magoti. Kwa miaka ishirini na miwili watoto wa watu walirudi siku ya tatu na mama zao, wakaomba msamaha, naye akasamehe kwa raha zake.

Mélanie wa darasa la mwisho alitolewa Jumatatu kwa sababu alimsahihisha ubaoni. Ijumaa orodha ya watakaofanya mtihani wa serikali ilikuwa inafungwa, na aliye nje ya darasa haandikwi. Ijumaa hiyo asubuhi akaja peke yake, macho mekundu, daftari mkononi. Hakupiga magoti.

— Mwalimu, hii nombre haina diviseur. Iko premier, namba tasa. Nilijaribu ma-premier yote mpaka 997, iko 168. Kama iko na diviseur mukubwa kupita 1 000, lazima iko na mwenzake mudogo, na badogo bote nilibamaliza.

Enzi zake za uanafunzi Grégoire aliishia kwenye 53, na tangu hapo alikuwa akishuku tu kwamba haigawanyiki, bila kuthubutu kujua. Akapekua daftari akitafuta kosa kama mtu anayetafuta chawa, kisha akagonga ukurasa kwa kidole.

— 467. Reste, ile yenye ilibakia, iko mubaya.

Mélanie akachukua chaki, akagawa upya mbele ya darasa zima. Akapata 2141, ikabaki 156. Ile ile ya kwenye daftari. Grégoire akamchukia binti yule kuliko alivyowahi kumchukia mtu.

Hapo akaingia préfet Zagabe, mkuu wa shule, na orodha yake; mabishano alikuwa ameyasikia tangu mlangoni.

— Mwalimu, huyu mutoto iko na haki? Ile nombre iko premier?

Zagabe alikuwa mtu wa historia. Hesabu kwake ilikuwa giza tupu. Simu iliyokuwa mfukoni mwake ingemjibu kabla hajapepesa jicho, lakini neno la mwalimu lilimtosha.

— Hapana, préfet. Alikosea.

Zagabe akakata jina la Mélanie kwa mstari mmoja, akaenda zake. Grégoire akamwonyesha binti mlango.

— Mwalimu, unionyeshe basi ile diviseur. Moja tu.

Grégoire akafuta ubao, akaandika kichwa cha somo. Mélanie alikuwa bado amesimama kizingitini, machozi yanamtiririka, akingoja jibu ambalo kila mtu mle ndani alikuwa nalo. Karibu naye alikaa Carine, rafiki yake wa dawati moja tangu darasa la kwanza.

— Carine, funga mulango.

Carine akaufunga.