Nilivyowapatanisha Watu Ambao Hawakuwa Wamekosana

Chekeni kwanza mmalize, ndio nianze, kwa sababu aibu hii nimeificha muda mrefu na hata mume wangu nimemkataza kuitaja mbele ya wageni (yeye huitaja kwa macho tu). Mimi ndiye yule mama pasta wa Nuu, huyo huyo wa karai mliyemsikia.

Tulitumwa Nuu na kanisa letu la Kerugoya, mimi na Pasta, wamishenari wawili wazito tuliosafiri hadi Kitui, yaani hata Kenya hatukutoka, tukiwa na gitaa, gamubuti za matope (matope, Nuu, kwenye ukame!) na moyo mkubwa wa kuwafundisha Wakamba kupendana, kana kwamba walikuwa wametuma ombi. Aliyetufundisha sisi kuishi ni jirani yetu, Mama Kalondu. Yeye ndiye alinionyesha pa kufukua mchanga mtoni mpaka maji yatokee, ndiye aliniletea muthokoi, yale mahindi yao ya kukobolewa, siku nilizokuwa nalilia viazi kama mtoto, na ndiye wa kwanza kuniita mwiitu wakwa, binti yangu, wakati wengine bado waliniita mgeni. Nuu nzima nilikuwa na rafiki mmoja, na ni huyo.

Sasa, binti yake, huyo Kalondu mwenyewe, ameolewa na Mutua, fundi wa pikipiki pale sokoni, kijana mpole sana. Mimi na macho yangu ya kiroho nikagundua jambo. Jumapili hii mama yuko kanisani, Mutua hayuko, Jumapili ijayo Mutua yuko, mama hayuko, na wakikutana njiani Mutua anapotelea kichakani kama mtu amebanwa na tumbo, mama naye anavuta leso anageuka. Nikamwambia Pasta, "Hawa wamekosana. Kuna uchungu hapo."

"Tuombe kwanza, halafu tuulize," akasema.

Kuomba niliomba. Kuuliza nikaona ni kupoteza wakati, kwani si nilikuwa nimeshafunuliwa? Basi nikatangaza ibada ya kuoshana miguu. Mama Kalondu nikamwambia asikose, ataoshwa miguu (akadhani ataoshwa na mimi, akafurahi maskini), na Mutua nikamwambia jenereta ya kanisa imekufa, apitie saa tano. Jenereta ilikuwa nzima kabisa. Ndiyo, mmishenari alidanganya, endeleeni kucheka.

Saa tano ilipofika Mama Kalondu alikuwa ameketi mbele kwenye kiti cha plastiki, viatu amevua, karai la maji liko miguuni, na mimi nimeshika maikrofoni nikieleza unyenyekevu. Mutua akatokea mlangoni na spana zake. Nikasema, "Na sasa mkwe wake atamwosha mama huyu miguu!"

Kanisa likanyamaza kabisa. Mimi nikadhani ni upako.

Mzee Nzioka, mzee wa kanisa, akainua mkono. "Mama Pasta, labda tuimbe kwanza."

"Tutaimba baadaye, Mzee. Shetani hapendi upatanisho." Nikashuka, nikamshika Mutua shati, nikamvuta hadi mbele huku akisema, "Wacha, Mama Pasta, tafadhali, wacha," na mimi nikimwambia kwa maikrofoni kwamba kiburi ni dhambi. Mama Kalondu alikuwa amefumba macho, amezama katika maombi, hajasikia lolote. Akafumbua. "Ngai wakwa!" Akajifunika leso kichwa kizima, akasimama bila kuona, akakanyaga karai, maji yote yale niliyowabebesha akina mama kutoka mtoni yakamwagika, akateleza, akaangukia ngoma za kwaya. Mutua badala ya kumwinua akageukia ukuta wa mabati akafunika uso kwa mikono. Hapo Pasta wangu (ambaye alikuwa ametaka tuulize, lakini akiona vurugu hajizuii) akaruka mbele akapaza sauti, "Roho ya kiburi, toka! Toka!" Na kweli mama wa watu akatoka, mlango wa nyuma, miguu mitupu juu ya miiba, na Mutua akatokea mlango wa mbele, spana akaziacha.

Mzee Nzioka alinieleza pale nje, taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Hawa hawajakosana. Ni nthoni. Mkwe na mama mkwe hawakaribiani, wanaheshimiana. Walikuwa wanakuja kwa zamu ili kila mtu apate Neno."

"Na kwa nini hamkuniambia?"

"Maikrofoni ulikuwa nayo wewe, Mama Pasta."

Na mimi naitwa Muthoni, jameni! Kwetu jina hilo maana yake ni mkwe, na nyanya yangu mzaa mama hakuwahi kumpa baba yangu mkono mpaka akazikwa, lakini mimi nilidhani mambo hayo tulimzika nayo. Nikabeba viatu vya Mama Kalondu hadi kwake. Alivipokea vizuri, akasema, "Asante, Mama Pasta." Mama Pasta, si mwiitu wakwa. Niliumia, nikalia njia nzima.

Akapotea kanisani wiki kadhaa. Halafu Jumapili moja nikamwona, na ile iliyofuata, na iliyofuata, hakosi tena! Mimi huyo nikaanza kujisifu moyoni, eti Mungu ametumia hata makosa yangu, na baada ya ibada nikamkimbilia nikamwambia jinsi nilivyofurahi kumwona kila Jumapili.

Akaniangalia. Hakuwa na hasira, na hapo ndipo aliponimaliza. "Mutua aliona aibu, akaacha kanisa. Siku hizi Jumapili anashinda nyumbani. Zile Jumapili alizokuwa hapa kanisani, ndipo mimi nilikuwa naingia kwa Kalondu kukaa na wajukuu. Siku zingine watoto wako shule na Kalondu yuko sokoni. Sasa nitaenda wapi, Mama Pasta? Ndiyo nakuja kwako."

Siku hizi nikiona watu wawili hawasalimiani, nauliza kwanza, na nikishajibiwa, naenda zangu nyumbani.