Kocha Wetu na Kona ya Baridi

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa majengo, bwana mmoja Mhindi aliyezaliwa hapahapa Durban, alinikabidhi fagio pana la nyuzi na kunikataza kushika ndoo. Nilishangaa. Nilifika pale chuoni, juu kwenye kilima cha Berea, nikitokea bandarini ambako nilibeba magunia mwaka mzima, na kabla ya hapo nililinda magari ya watu Greyville siku za mbio za farasi. Kwangu mimi, kusafisha ni maji. Yeye akaniambia kwa Kiingereza chake cha upole, "Baba, hii sakafu ni ya mbao. Maji yakiingia mbao zinavimba, zinainuka, halafu wewe na mimi tunarudi nyumbani." Basi nikajifunza kazi upya, mtu mzima niliyeacha watoto wakubwa Uvira.

Nyinyi vijana mnaofanya usafi leo mna mashine. Sisi tulikuwa na macho na masikio. Ukumbi wa mpira wa kikapu unafagiliwa kwa mstari mmoja mrefu, ukuta hadi ukuta, na fagio haliinuliwi njiani, maana ukiliinua unamwaga vumbi lote ulilokusanya. Wakati wa mechi unakaa pembeni na taulo mbili kavu. Mchezaji akianguka, jasho lake linabaki pale chini, nawe unakimbia kulifuta. Ukiona hatari wakati mpira unachezwa, unainua taulo juu, na refa anapuliza filimbi kusimamisha mchezo. Hiyo ilikuwa haki yangu, na hapakuwa na mkubwa aliyeweza kuninyang'anya. Zaidi ya yote unasikiliza. Sakafu kavu hulia chini ya viatu. Mahali inaponyamaza, ujue pana unyevu.

Ukumbi wetu ulichimbiwa ubavuni mwa kilima, kwa hiyo nyuma ya ukuta mmoja palikuwa na udongo mtupu. Kona ya upande ule ilikuwa baridi mwaka mzima. Ikifika Februari, joto la mji likachanganyika na pumzi za watu waliojaa ukumbini, kona ile ilitoa jasho yenyewe. Huwezi kuliona kwa macho. Niliifuta kila baada ya dakika chache, nikaipa jina, kona ya baridi, na nilijivunia kuijua kuliko mtu yeyote.

Sasa niwaeleze kuhusu Kocha. Alikuwa Mkongomani mwenzetu, mtu wa Lubumbashi, na chuo kilimpa timu ya wanaume mwaka uleule nilioingia mimi. Nyinyi hamkuwepo, hamjui ilikuwa na maana gani. Ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini, sisi wakimbizi tulikuwa tunanyoa vichwa vya watu na kuuza mikanda kando ya barabara, na mitaani tunaitwa makwerekwere, tusi lao kwa Waafrika wa kuja. Halafu huyu hapa, mtu wetu, amevaa suti, Wazungu na Wazulu wanamsikiliza. Jumapili tukitoka kanisani hatukuzungumzia mahubiri, tulizungumzia mechi. Mke wangu alikuwa akinicheka. "Huyu Kocha unamtaja kuliko Mchungaji," alisema. "Siku moja utaombea chakula kwa jina lake." Alikuwa na haki ya kucheka. Nilimpenda yule mtu kabisa.

Na yeye aliniheshimu. Wakubwa wengine walinipita kama nguzo, lakini Kocha alinisalimia kwa mikono miwili. Siku moja alinikuta nimepiga magoti katika kona ile akauliza kuna nini. Nikamweleza yote: kilima, udongo, jasho, viatu vinavyonyamaza. Nilieleza kama profesa. Alisikiliza kwa makini, akakanyaga mahali pale mara mbili tatu, akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo, kinachomtaja mzee kwa wingi kwa heshima, "Vreman, kweli kabisa, Papa, muko na akili sana." Maneno hayo niliyabeba hadi nyumbani.

Tangu hapo, kila mechi ya nyumbani, katikati ya nusu ya kwanza alinigeukia. "Papa, mumesimama tangu asubuhi. Muende mukunywe chai." Chumba cha chai kilikuwa nyuma, mwisho wa ujia. Nilikataa mara ya kwanza, akasisitiza, nikaenda. Nani aliwahi kuona mkubwa anamtuma mfagiaji kupumzika? Niliwasimulia wakimbizi wenzetu pale Greyville, mtaani kwetu, habari za ile chai mpaka wakachoka. Mapumziko yakifika nilirudi, nikaifuta kona, timu zikabadilishana upande, na nusu ya pili watu wetu wakashambulia mahali pakavu. Tulishinda sana msimu ule. Nikirudi nilisikia wageni wameanguka upande ule waliokuwa wakiushambulia nusu ya kwanza, nikasema hawana mazoezi.

Siku iliyonifumbua macho tulicheza na chuo kimoja cha kusini mwa mji. Walikuwa na mlinzi wa mbele, yule anayeupandisha mpira, kijana wa Umlazi, kitongoji cha hukohuko, mwepesi ajabu, anayedunda mpira chini kabisa karibu na goti. Kocha akanituma chai kama kawaida. Nilifika chumbani nikakuta birika la umeme limeharibika, nikageuka na taulo zangu mkononi. Mlango wa ujia ulitokea nyuma ya benchi letu. Pale nilimsikia Kocha akimwambia mchezaji wake mmoja, Mrundi, kwa Kiswahili. Benchini Kiswahili kilikuwa lugha ya siri, wageni hawakuambulia kitu. Alisema, "Usimukabe sana. Musukume tu aende kona ya baridi. Kule atateleza yeye mwenyewe."

Nilisimama. Jina lile nilikuwa nimelitunga mimi.

Yule Mrundi alifanya alivyoambiwa, akamfungia njia ya katikati, na kijana wa Umlazi akakimbilia kona. Viatu vyake vililia, vikalia, kisha vikanyamaza. Alipotaka kugeuka mguu ukaenda peke yake na goti likabaki. Hakupiga kelele, alikaa tu chini akiushika mguu na kuuangalia. Nilikimbia nikafuta pale, na taulo likatoka limelowa. Nilipoinua macho Kocha alikuwa ananiangalia, kisha akaliangalia taulo.

Watu walipoondoka nilimfuata chumbani kwake. Sikupaza sauti, si tabia yangu.

"Kocha, ile chai ilikuwa ya nini?"

Akafunga mlango. "Papa, si nyinyi ndio mulinionyesha ile kona?"

"Nilikuonyesha ili wachezaji walindwe."

"Basi nimelinda wangu." Akakaa, akajifuta uso. Aliongea taratibu, bila hasira. "Papa, hapa hatuna ndugu. Kocha wa hapa akishindwa, anapewa msimu mwingine. Mimi nikishindwa mwezi mmoja, naenda kulinda magari pamoja na wenzetu. Munafikiri mimi napenda?"

Nilimwamini aliposema hapendi. Hilo ndilo lililoniuma, maana angekuwa mtu mbaya ningemchukia nikalala vizuri. Nilikwenda kwa msimamizi wa majengo nikamweleza. Alisikiliza, akakuna kidevu, akasema, "Eish, Baba. Umesikia kwa lugha yako. Nani mwingine alisikia?" Nilimjibu kwamba ni wachezaji wetu watatu tu wanaojua Kiswahili, na wote ni watu wa Kocha. Alitikisa kichwa tu, tukaachia hapo.

Mechi iliyofuata ndiyo ya kombe. Ukumbi ulijaa, na nusu ya Greyville ilikuwa juu kwenye viti ikiimba. Katikati ya nusu ya kwanza Kocha akanigeukia. "Papa, chai."

"Leo sina kiu, Kocha."

"Papa."

"Sina kiu," nikasema, nikainua taulo. Refa akapuliza filimbi. Nilitembea hadi kona ile mbele ya watu wote, nikapiga magoti nikaifuta, na baada ya dakika chache nikafanya hivyo tena. Nusu nzima nilifanya hivyo. Watu wetu walinizomea kwa sababu nilikuwa navunja kasi ya timu. Mmoja wa kanisani kwetu aliniita kwa jina akaniambia nikae chini. Tulishindwa kwa vikapu viwili.

Wiki ile nilihamishiwa maktaba. Karatasi ilisema nasumbua wachezaji. Kule sakafu ni zulia, kazi ya kuvuta vumbi kwa mashine, wala hakuna cha kusikiliza. Mkuu wa maktaba, mama mmoja mkali mwenye miwani, alinipenda kwa sababu nilijua kunyamaza. Nilikaa naye hadi nikastaafu. Kocha naye alikaa misimu miwili tu, kisha nikasikia ameenda Johannesburg. Kila tulipokutana ujiani alinisalimia kwa mikono miwili, nami nikaipokea. Sikurudi tena kutazama mechi.

Vijana wa kanisani huniuliza kazi inataka nini. Nawaambia, jua kazi yako, na jua unamweleza nani. Wanadhani namsema Kocha. Kweli namsema, lakini kuna jambo sijawahi kuwaambia, na nimeona niliandike kabla sijafa nalo.

Wiki tatu baada ya ajali nilipanda teksi hadi Umlazi kumwona yule kijana. Mguu ulikuwa ndani ya plasta mpaka pajani, na daktari alikuwa amemwambia asahau mpira. Mama yake aliniletea kiti. Nikamweleza kwa Kiingereza changu kibovu kwamba sakafu ile ilikuwa kazi yangu, kwamba ilikuwa imelowa, na kwamba kocha wetu alijua.

"Mimi nilidhani ni kosa langu, Baba," akasema. "Kila siku najiuliza mguu niliuweka vipi." Kisha akaniangalia. "Na wewe ulijua lini?"

Ningeweza kumwambia nilijua baadaye. Hakuna ambaye angenipinga.

"Kabla hujaanguka," nikamjibu. "Nilikuwa mlangoni, nimemsikia, na taulo lilikuwa mkononi. Sikuliinua. Nilikuwa bado namtafutia Kocha wetu sababu ya kumtetea."