Chetezo Kilichozimika Kwenye Stoo ya Mitungi

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinipambie maneno. Ninalotaka liandikwe ni siku niliyokaribia kumuua mama yako kwa amri ya mdomo wangu mwenyewe. Wewe ulikuwa mdogo, tukakwambia kwamba mama kaanguka kwenye ngazi. Hakuanguka kwenye ngazi.

Nilikuwa msimamizi wa usafi katika nyumba moja ya wageni, Mji Mkongwe. Mama yako, mke wa mwanangu, nilimwingiza kazini mimi, na kila asubuhi tulitoka pamoja Mpendae, yeye akinifuata hatua moja nyuma, kwa kuwa nilimfunza hivyo. Juu darini palikuwa na baa ya watalii. Ulevi wao sikuugusa, lakini stoo ya vinywaji ilikuwa chini ya ufagio wangu. Kilikuwa chumba cha chini, ngazi sita kushuka kutoka uani, hakina dirisha. Humo ndimo ilimosimama mitungi ya gesi, ya chuma, mirefu hadi kifuani pangu. Gesi yake ndiyo itiayo povu kwenye soda na kuisukuma bia ndani ya mipira mpaka juu.

Fundi wa mitungi alinieleza wazi, tena mbele ya mpishi.

"Bi mkubwa, mtungi husimama, haulazwi, na husimama umefungwa mnyororo ukutani. Lile tundu la chini, karibu na sakafu, lisizibwe hata siku moja. Gesi hii haina harufu, nayo ni nzito. Ikivuja hukaa chini kama maji kisimani, na aliyemo hukosa hewa."

"Mwanangu," nikamjibu, "mimi nimepikia gesi wewe hujaota meno. Gesi naijua kwa pua."

"Hii si ya kupikia, bibi."

"Gesi ni gesi."

Mpishi akacheka. "Fundi, usishindane naye. Huyu hata moto humwogopa."

Nikaona nimeshinda. Fundi akabandika karatasi ya maagizo mlangoni, nami kwa kuwa sikusoma, na kwa kuwa niliona haya kumwomba mtu anisomee, nikawa naipangusa vumbi tu.

Sasa sikiliza. Kwetu Alhamisi alasiri nyumba hufukizwa ubani, ili Ijumaa isiikute ina uvundo. Na kufukiza kuna sharti lake: moshi hufungiwa ndani mpaka ukaingia kutani. Nani hufukiza chumba kilicho wazi?

Alhamisi hiyo, kabla ya adhuhuri, nilishuka mwenyewe kufagia. Niliufungua mnyororo ili ufagio upite nyuma ya mitungi. Mtungi mmoja ukayumba, ukaugonga ukuta kwa shingo, pale penye koki. Nikausimamisha, nikanusa. Hapakuwa na harufu yoyote. Mashine ya barafu ilikuwa ikinguruma, hivyo kama palikuwa na mlio mwembamba, mimi sikuusikia. Kisha nikakunja gunia, nikaliziba lile tundu la chini, maana moshi wa ubani ungetorokea hapo. Mnyororo nikauacha sakafuni. Nikapanda, nikafunga mlango, nikaenda kusali.

Alasiri ilipofika magoti yaliniuma. Nikakaa kwenye kibao uani, karibu na mlango wa stoo, nikamkabidhi mama yako chetezo chenye makaa mekundu kabisa. Akaingia, akausindika mlango nyuma yake kama nilivyomwagiza, akashuka, akakiweka chetezo sakafuni.

"Mama, mkaa unazimika."

"Puliza."

"Nshapuliza."

"Basi hujapuliza. Inama, upulize kwa kifua, si kwa midomo. Kwani huko Uroa hamfukizi?"

Hilo la Uroa, kijijini kwao, nilikuwa nikimchoma nalo kila nilipopata nafasi.

"Mama, pua inaniwasha, kama nimekunywa soda."

"Puliza, usiniletee uvivu!"

Nilizisikia pumzi zake. Ya kwanza, ya pili. Ya tatu sikuisikia. Nikamwita, hakuitika. Nikadhani amenuna, nami sikuwa mtu wa kubembeleza aliyenuna. Nikaendelea kukunja mashuka niliyokuwa nayo mapajani. Nilikunja shuka mbili, mjukuu wangu. Mbili nzima, nikizinyoosha pembe, na yeye yuko chini pale.

Nilipousukuma mlango nilimwona amelala kifudifudi, mkono umeelekea chetezo, na makaa yote meusi kana kwamba yametiwa maji. Nikaweka mguu ngazi ya kwanza. Mtu akanikamata mkono kwa nguvu. Alikuwa mpishi.

"Usishuke! Ukishuka tutatoa maiti mbili!"

"Niachie! Mwanangu yule!"

Hakuniachia mpaka wahudumu wawili walipofika wakanishika. Aliivuta kamba ya kuanikia mashuka, akajifunga kiunoni, akawapa wao ncha. Akajaza kifua pumzi, akafunga mdomo, akashuka. Akamkumbata kwapani, wale wakavuta, nao wakapanda wote wawili kama ndoo. Tukamlaza uani. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sijaiona kwa mtu aliye hai, na kifua hakikupanda.

"Bi mkubwa, mpulizie," mpishi akasema, akihema. "Mzibe pua, mpulizie mdomoni. Kwa kifua!"

Nikapuliza. Meno yangu yakagongana na yake. Sijui nilipuliza mara ngapi. Najua tu kwamba alikohoa, akatapika juu ya kanga yangu, nami nikashukuru kwa yale matapishi kuliko nilivyopata kushukuru kwa chakula.

Alilazwa hospitali siku mbili, akiwekewa hewa puani. Aliporudi, majirani walijaa chumbani kumjulia hali. Jirani mmoja, mwanamke wa rika langu, akatikisa kichwa.

"Jinni huyo. Nani mwengine awezaye kuzima mkaa mwekundu? Alhamdulillahi, ubani wako ndio uliomwokoa."

Wote wakaitikia. Mama yako alikuwa amelala pale kwenye godoro, akinitazama. Ingekuwa rahisi, mjukuu wangu. Jinni hana mtu wa kumtetea.

"Hakuna jinni," nikasema. "Gesi ndiyo iliyouzima mkaa. Mnyororo wa mtungi niliufungua mimi. Tundu nililiziba mimi. Aliyemwambia apulize ni mimi."

Jirani akakiweka kikombe chini. Baba yako akainuka, akatoka nje. Mama yako akangoja mpaka wageni wote walipoondoka.

"Mama, mimi sirudi kule."

"Nimesikia."

"Na wewe hurudi."

Tangu nizae, hapana mtu nyumbani mwangu aliyepata kuniambia neno la namna hiyo. Nilifungua mdomo kumjibu, nikaiona ile midomo yake, bado imekauka, imepasuka.

"Sirudi," nikasema.

Asubuhi yake nilimtuma baba yako apeleke funguo za stoo, naye alizichukua bila kunitazama. Mimi nilibaki nikimlisha mama yako uji, kwa kuwa mikononi mwake kijiko kilikuwa bado hakishikiki.