Picha ya Lweba Aliyoitaka Mama

Miaka ile nilikuwa mwalimu wa darasa la nne Fizi-Centre, na nilikuwa na ugonjwa ambao wenzangu hawakuuelewa: nilipiga picha za mahali. Si za watu, za mahali. Kwetu kila mtu alijua kwamba picha ni harusi, ni ubatizo, ni kadi ya chama, ni mtu amesimama wima hata kucheka haruhusiwi. Mimi nilimaliza filimu nzima juu ya ukungu, barabara inayoteremka, na mgomba mmoja uliovunjwa na upepo. Nilipowaonyesha jirani, walizigeuza kuangalia kama mtu yuko upande wa nyuma. Nilikuwa mwepesi wa kununa, basi nilinuna.

Milima niliiacha. Askari hawakupenda mtu aelekeze kamera huko, na kila mtu alijua kwa nini: waasi walikuwa juu kule.

Aliyenielewa alikuwa mmoja tu, fundi wa picha wa mji wa Baraka, chini kando ya ziwa. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia lililochorwa bustani ambayo hakuna aliyewahi kuiona popote. Alikula kwa picha za kadi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye miti na maji kama wangu. Mara moja kwa mwezi, siku ya soko, niliteremka kwa baiskeli, akanioshea filimu, kisha tukapanga mezani picha zangu na zake. Sheria yetu ilikuwa moja: mwenye picha afunge mdomo mpaka mwenzake amalize kusema.

“Hii, mwalimu, muti iko katikati sana,” angesema. “Na hii, ulikuwa na haraka. Jua ilikuwa bado inatafuta mahali ya kukaa.”

Mimi nilimwambia kwamba picha zake zote ni mawingu, utadhani anakaa juu ya paa. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na nikarudi Fizi juu ya lori, baiskeli miguuni, nimeridhika kabisa. Sikuwa na marafiki wengi, wala sikuona pengo.

Mama alikuwa akikaa kwangu. Alizaliwa Lweba, kijiji cha ziwani, akaolewa hapohapo, akaanika ndagala, dagaa wa kwetu, kwenye ufuo ule maisha yake yote, mpaka alipovunjika nyonga nikampandisha Fizi. Kumrudisha kwa lori kungemmaliza, mganga alisema hivyo, na mama mwenyewe alijua. Hakulalamika. Ila jioni alizoea kuniuliza, “Hapa hewa iko muzuri, mutoto wangu, lakini mi niko naangalia nini?” Swali hilo liliniuma. Nikaamua kwamba kama mama hawezi kwenda Lweba, Lweba itakuja kwake.

Nikamwandikia mama mdogo, mdogo wake aliyebaki kule, kwamba Jumamosi nitafika kupiga picha ya ufuo. Hapo ndipo nilipokosea. Miaka ile, mtu wa kamera aliyetangazwa mapema alikuwa mtu wa serikali, na serikali ikija watu hufanya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia na kufyeka. Nilipofika, ufuo mzima ulikuwa umefagiwa. Mitumbwi ilikuwa imevutwa nyuma ya nyumba, nyavu zimeondolewa, ndagala zote zimezolewa na kufichwa. Hata mbuzi walikuwa wamefungwa. Mama mdogo alisimama kando na ufagio, uso unamng'aa.

Ningewaambia warudishe vitu vyao. Lakini kusema kweli nilifurahi. Maji, mchanga, anga, na alama za ufagio zikienda sambamba mpaka mwisho wa macho! Nilipiga picha kumi na mbili bila mtu kunipitia mbele.

Fundi alichagua moja, akaikuza, akaitazama muda mrefu. Sheria ilimtaka aseme, naye hakutaja kasoro hata moja. “Mwalimu,” alisema mwishowe, “hii hata mimi sijapiga.”

Nilimpelekea mama kwa furaha. Akasogea mlangoni kwenye mwanga. Akaitazama. Kisha akanishika mkono kwa nguvu.

“Nani alikufa?”

Sikuelewa. “Hakuna mutu alikufa, mama.”

“Musinifiche. Ni mudogo wangu?”

Ndipo nikakumbuka. Lweba, kukiwa na msiba, mtumbwi hauingii majini na hakuna anayeanika kitu mchangani mpaka maziko yaishe. Mchana mweupe, ufuo mtupu: kwa mama hiyo haikuwa picha nzuri, ilikuwa barua ya kifo. Alilia. Niliapa kwa Mungu, nikaapa kwa kaburi la baba, na hata aliposadiki alinirudishia picha kwa vidole viwili. “Ondosha hii mu nyumba.”

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu hasira ikaisha, ikabaki aibu. Nilikuwa nimekwenda kwao mama, nikafurahi kutomkuta mtu wake hata mmoja ufuoni.

Fundi nilipomsimulia alicheka mpaka akavua miwani. “Basi mama yako ndiye anayua kusoma foto,” alisema. “Siye tunaangalia tu.” Akanipa filimu yake ya mwisho.

Safari hii sikuandika barua. Haikusaidia. Waliponiona tu na kamera walikimbia kuvaa nguo za kanisani, wakajipanga familia kwa familia, na ole wangu nikimruka mtu. Picha kumi na moja zikaisha hivyo. Nilibaki na moja, na mbele yangu safu ya watu wima kama wa kadi ya chama.

Kisha upepo ukabadilika. Wingu lilikuwa limeshavuka kutoka ng'ambo bila mtu kuliona, na mwanamke mmoja akapiga kelele, “Ndagala!” Safu yote ikavunjika, watu na nguo zao za Jumapili wakakimbilia mchangani. Nikainua kamera, nikabonyeza bila kupima lolote. Halafu nikaikimbiza ndani ya nyumba ya mama mdogo, nikaenda kuanua pamoja nao.

Fundi aliiosha jioni ileile, niliporudi Baraka. Maji yamelala upande, tone la mvua liko juu ya kioo cha kamera, mwanamke mmoja amekatwa nusu na ukingo. Akaanza kuzitaja kasoro moja moja, kama kawaida yetu, kisha akaitia kwenye bahasha. “Peleka,” alisema.

Kesho yake, lori liliponishusha Fizi, sikubadili hata shati lile nililoanulia ndagala. Mama akaichukua picha mpaka mlangoni. Midomo yake ikaanza kucheza.

“Bamechelewa,” alisema. “Ile ya kule itaroa yote. Ona mudogo wangu, na ile kiatu yake! Vua kiatu, we mwanamuke!” Alikuwa anacheka. Kisha akageuka kwangu, macho makali. “Na we? Mvua inakuya, ulisimama tu na mashine?”

“Hapana, mama. Nilibasaidia.”

Hakusadiki. Akanivuta mkono wa shati, akauleta puani, akafumba macho. Akaunusa, akaunusa tena, na mimi nikasimama pale mlangoni nikamwachia mkono.